Kopo la Plagi

Karatasi ya makadirio ilikuwa nyeupe, yenye nembo:
oili, filta, plagi nne, ukaguzi wa jumla,
laki saba na elfu themanini.
Nilikuwa nimeketi kwenye kochi la ngozi, Barabara ya Nyerere,
kiyoyozi kikinipuliza shingoni, kahawa ya bure mkononi,
nikaijua bei ya kahawa ile.

Nikauliza: ukaguzi wa jumla ni kukagua nini?
Kijana mwenye tai akatabasamu.
"Jumla, mama."

Nikakunja karatasi mara nne, nikashukuru, nikaondoka
na Spasio yangu ikikohoa kwenye mataa ya Tazara
kama mtoto anayejua nyumbani hakuna pesa ya dawa.

Fundi Chaurembo hana kochi.
Ana ndoo iliyopinduliwa na kipande cha bati
nyuma ya maduka ya mbao, Buguruni,
na kila ukucha wake una mwezi mweusi usioandama.
Hakutaja bei. Aliweka kiganja juu ya boneti,
akasema, "Washa."
Akakaa kimya muda mrefu.
"Zima. Plagi zimechoka. Oili imekuwa lami.
Giaboksi tuiache, haijatuomba kitu."

Akanituma Kariakoo mwenyewe:
"Kanunue kwa mkono wako,
usije ukakesha unahesabu nilichokula."
Nyuma ya boksi la sigara akaandika namba ya filta,
kipimo cha oili, na chini, kwa herufi kubwa:
USICHUKUE YA DEBE LA KIJANI.

Kariakoo kila kitu ni orijino.
Orijino ya kwanza, orijino ya pili,
orijino iliyokuja na meli,
orijino iliyozaliwa juzi stoo ya nyuma.
Muuzaji mmoja aliniapia kwa mama yake,
na mama yake alikuwa pale pale anauza chapati,
akatazama pembeni.

Mimi ni mtu wa hesabu, nashika vitabu vya duka la dawa:
oili elfu themanini na tano,
filta mbili thelathini, plagi arobaini na nane,
mkono wa Chaurembo thelathini.
Laki moja na elfu tisini na tatu. Soda nje ya vitabu.

Ubahili una utamu wake, ukishaonja huachi.
Mwezi wa nne breki zikaanza kupiga kelele,
nikajinunulia pedi za elfu kumi na tano,
nikampelekea kwa maringo, kama niliyeshinda mnada.
Akaikwangua moja kwa ukucha. Ikamwagika unga, kama biskuti.
"Dada Mwajabu, hizi kafunge kwenye baiskeli ya adui yako."
Hakucheka. Wala spana hakushika.

Nikarudi Barabara ya Nyerere, safari hii kaunta ya spea,
nikalipa laki na ishirini bila kukunja uso.
Yule wa tai alinikumbuka.
Kahawa sikuigusa.

Msiniulize zile nilizookoa ziko wapi.
Daftari linasema zipo.
Pochi inasema palikuwa na ada, bomba lililopasuka,
msiba wa Kisarawe, na siku mbili tatu
ambazo hata mimi sizikumbuki.

Lakini Chaurembo hurudisha kila alichokitoa,
amekifunga kwenye gazeti: "Chako hiki."
Filta nilitupa. Plagi zimo kwenye kopo la maziwa dirishani,
na jioni mtoto wa dada yangu, Hamduni,
huzipanga mstari sakafuni, nne, ncha juu,
kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.
"Mama mdogo, nani anaumwa zaidi?"
Nachuchumaa. Naziinua moja moja kwenye mwanga,
nanusa, nafuta masizi kwa kidole gumba.
"Huyu," namwambia. "Wa tatu."